Titi la Ngano

Katika shule moja ya bweni ya wasichana nje kidogo ya Njoro, kulikuwa na sheria nyingi zilizobandikwa ukutani na moja isiyobandikwa popote: ukitaka kuruka ua uende kununua chapati, rukia upande wa mashariki, kwa sababu metroni hakimbii tena.

Zamani alikuwa akikimbia. Zeddy Chepkemei, metroni wa mabweni yote, hakuwahi kushinda mbio zozote za maana maishani, lakini hakuna msichana aliyewahi kumwacha kati ya bweni na ua. Alikuwa akimshika mtu kwa ukosi wa sweta, mguu mmoja ukiwa tayari ng'ambo, na kumrudisha duniani kwa upole. Kisha miaka miwili iliyopita aliondoka, akakaa nje muda mrefu, akarudi akitembea kama mtu aliyebeba beseni lililojaa maji. Wasichana waliambiwa kwamba metroni alikuwa mgonjwa na sasa amepona, wamwombee. Wakamwombea kwa moyo wote. Kisha wakaanza kuruka ua.

Alikuwa amekatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Dawa za mishipani alimaliza, miale alimaliza, nywele ziliota tena, madaktari wakasema amepona. Ilibaki nafasi tu, na suala la kuijaza. Kwanza alinunua titi la sponji, ambalo lilikuwa jepesi kiasi kwamba akiinua mkono kuelekeza wimbo lilipanda polepole hadi karibu na mtulinga, likakaa hapo kama ndege. Akaliacha. Akashona mfuko wa kitambaa cha pamba, akautia mchele, akauvaa ndani ya sidiria. Mchele ulikaa vizuri mradi asikimbie. Akikimbia, ulizunguka hadi kwapani, na mtu hawezi kumkaripia mwanafunzi huku akijitafuta kwapani. Ndiyo maana aliacha kukimbia. Hakumwambia mtu sababu.

Asubuhi ya kufunguliwa kwa muhula wa pili, mshono wa mfuko ulikatika na mchele ukamwagika kwenye sakafu ya chumba chake. Mabasi ya wazazi yalikuwa langoni. Zeddy alichukua ule mfuko mtupu, akaingia stoo ya shule, akapima kwa kiganja kila kilichokuwa karibu. Maharagwe yalikuwa na vichwa vigumu. Unga ungevuja. Kwenye kona kulikuwa na gunia la ngano, na ngano ilishuka mkononi kwa uzito mtulivu, uzito hasa aliokuwa ameukosa kwa miaka miwili. Akajaza, akashona, akavaa, akaenda kupokea watoto.

Ilikuwa ngano ya mbegu.

Kila aliyelelewa upande huo anaijua. Hutiwa dawa ya kuua kuvu na wadudu kabla ya kupandwa, na ili mtu asije akaisaga akawapikia watoto, hutiwa rangi nyekundu inayopiga kelele. Zeddy aliiona rangi hiyo kwa macho yake mawili. Alijiambia kwamba haitaliwa na mtu, na kwa hilo alikuwa sahihi. Alichosahau ni kwamba rangi ile hutoka ikiguswa na maji.

Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu alikuwa akihutubia gwaride kuhusu umuhimu wa kujipanga maishani wakati mvua ilipoanza. Shule ile ilikuwa na desturi moja takatifu kuliko zote: wimbo wa taifa haukatizwi na mvua. Ukishaanza, hata radi husubiri. Wimbo ukaanza. Wasichana mia kadhaa wakasimama wima wakiloa, na mbele yao, kando ya mlingoti wa bendera, metroni akasimama wima akiloa, ndani ya blauzi yake nyeupe.

Shiko ndiye aliyeona kwanza. Shiko alikuwa kidato cha nne, nahodha wa kikosi cha huduma ya kwanza, na mrukaji ua mwenye sifa zilizofika hadi shule jirani. Kikosi chake kilikuwa na machela mbili, bendeji za kutosha vita, na hakikuwahi kupata mgonjwa wa kweli tangu kianzishwe. Sasa aliona doa jekundu kwenye kifua cha metroni, upande wa moyo, likipanuka katikati ya ubeti wa pili.

Alisubiri wimbo uishe. Hata historia itamsifu kwa hilo. Kisha akapaza sauti, "Kikosi, mbele."

"Shiko, rudi kwenye mstari," Zeddy alisema.

"Metroni, usiongee. Hifadhi nguvu."

Zeddy alitazama chini, akaona kifua chake. Mbele yake ilikuwa shule nzima, nyuma yake walimu wote, na mwalimu wa dini alikuwa amekwisha kufumba macho. Alikuwa na njia mbili tu: kusema neno moja, ngano, mbele ya watu wote hao, au kukubali kuwa anakufa. Akalala kwenye machela.

Walimbeba kwa hatua za mazishi ya kiserikali. Walipokuwa wakigeuka kwenye mlingoti mmoja wao aliteleza, machela ikainama, mfuko ukabanwa na ukingo wa mbao, ukapasuka. Ngano nyekundu ikamwagika kwenye matope. Natalie, aliyeshika mpini wa kushoto wa machela, alitazama punje zile, akamtazama Shiko. Shiko akasema kwa sauti ya chini, "Hatujaona kitu. Tembea." Wakatembea. Dakika chache baadaye metroni alikuwa ndani ya pikapu ya shule akielekea hospitali mjini Nakuru, mzima kabisa, akiwa amefunikwa blanketi hadi kidevuni.

Daktari wa zamu aliinua blauzi, akaona kovu la zamani na punje za ngano zilizoganda juu yake kama mapambo ya keki, akaenda kumwita mwenzake. Siku hiyo ilikuwa siku ya kliniki ya daktari Wangare, mpasuaji wa kurekebisha maumbile aliyekuja Nakuru kila wiki. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo sana. Zeddy alimsubiri acheke. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko tangu pikapu ilipotoka langoni.

Daktari hakucheka. Alichukua kitambaa chenye maji akaanza kusafisha. "Hii ni sumu, mama," alisema. "Ngozi iliyopigwa miale haiwekewi dawa ya shambani. Ukiona inawasha au inabadilika, unarudi leo leo. Umesikia?"

"Nimesikia, daktari."

"Lakini nieleze. Kwa nini ngano?"

"Uzito."

Daktari alipima punje chache kiganjani, akaitikia kwa kichwa kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwingine. "Uzito umeupata. Sasa, nani alikuambia kwamba mambo yako yaliishia kwenye mfuko?"

Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyesema lolote. Wakati ule kila mtu alikuwa akipigania uhai wake, na baada ya uhai kupatikana ilionekana kama tamaa kudai kitu kingine.

Daktari Wangare alivuta kiti, akachora kwenye karatasi iliyotandikwa kitandani, pale pale kando ya paja la Zeddy. Alianza na umbo lisilo na titi. "Hii ni njia ya kwanza. Kubaki hivi, ukavaa titi la silikoni linalopimwa likutoshe, au usivae chochote. Wapo wanaochagua hivyo na wanaishi vizuri. Usidhani ni njia ya walioshindwa." Akachora la pili. "Hapa tunaweka mfuko wa silikoni chini ya ngozi. Mara nyingi tunaanza na puto, tunalijaza maji kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ngozi ivutike, kisha tunabadilisha. Upasuaji wake ni mfupi. Lakini ngozi yako imepita kwenye miale, na ngozi ya namna hiyo huvutika kwa shida. Inaweza kukaza, inaweza kupasuka. Kwako nisingeanza na hiyo."

Akachora mgongo. "Hapa kuna msuli mpana. Tunaukata na kipande cha ngozi yake, lakini mshipa wake wa damu hatuugusi. Tunauzungusha wote chini ya kwapa, unatokea mbele."

"Unatokea mbele ukiwa hai?"

"Haujawahi kufa. Umehama tu."

Zeddy alijigusa kwapa bila kutaka.

"Na hii ya mwisho," daktari akasema, na kalamu yake ikaenda polepole zaidi, "tunachukua tumboni. Ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, pamoja na mishipa yake. Mishipa yenyewe ni myembamba kama tambi. Hii tunaikata kabisa. Halafu tunaiunganisha na mishipa ya kifuani, chini ya darubini, kwa uzi ambao ukidondoka mezani huuoni."

"Ngoja, daktari. Mnakata kabisa. Hicho kipande kinakaa wapi?"

"Mezani. Kwa muda mfupi."

"Peke yake?"

"Peke yake. Cheupe, kimepoa. Tukimaliza kuunganisha tunaachilia kibano, damu inaingia, na kinabadilika rangi mbele ya macho yetu. Kinakuwa cha waridi kuanzia upande mmoja hadi mwingine." Daktari aliweka kalamu chini. "Nimefanya kazi hii miaka mingi. Wakati ule chumba kizima bado hunyamaza. Hata anayependa kuongea kuhusu mpira."

Tumbo la Zeddy, ambalo kwa miaka yote alilionea haya kanisani, lilikuwa limelala pale juu ya kitanda kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni.

Kisha daktari alimwambia yale mengine, bila kuyapaka sukari. Upasuaji utachukua karibu siku nzima. Ataamka na mirija ya kutoa maji kifuani na tumboni. Atatembea akiwa ameinama kwa wiki kadhaa, na hatabeba kitu kizito kwa miezi. Kovu litakwenda kutoka nyonga hadi nyonga. Titi litakuwa na ganzi, pengine daima. Chuchu itatengenezwa baadaye kwa kukunja ngozi, na rangi yake itachorwa kwa tatuu. Huenda la kulia likahitaji kuinuliwa kidogo ili yafanane. Na kuna wakati, si mara nyingi lakini upo, ambapo kilichohamishwa hukataa na kufa, na hapo huondolewa.

"Halitakuwa lile la kwanza," daktari alimaliza. "Nakuambia leo ili usinidai kesho. Nenda nyumbani ufikirie. Hakuna anayekukimbiza."

Hiyo ilikuwa kweli, na hapo ndipo penye shida. Hakuna aliyemkimbiza, wala yeye hakuweza kumkimbiza mtu.

Nyumbani, mumewe Kimeli alisikiliza yote akiwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa. Kimeli alikuwa fundi wa trekta na mashine za kuvunia, na aliamini kwamba kila kitu duniani kina pampu.

"Mimi sina neno, Mama Weldon," alisema. "Hata ukibaki hivyo, mimi sina neno."

"Najua huna. Umeniambia tangu siku ile, na nakushukuru. Lakini Baba Weldon, si wewe unayeishika hiyo kitu isihame ukivuka barabara."

Kimeli alifikiri. "Sasa ni kama kutoa pampu kwa trekta moja ufunge kwa nyingine."

"Trekta ni moja."

"Hapo ndipo inanishinda," alisema, na sauti yake ikashuka kama mtu aliyeingia kanisani. "Ni ileile moja. Na inatembea."

"Watu watasema mama wa umri wangu anatafuta urembo."

"Wewe unatafuta nini?"

Zeddy aliangalia nje, kuelekea mashamba. "Kukimbia," alisema. "Nataka kumshika Shiko."

Daktari Wangare alikuwa amempa namba ya mwanamke aliyekubali kuzungumza na wagonjwa. Jina lake Naliaka, alikuwa na duka la vitambaa mbele ya nyumba yake, mtaa wa Section 58 mjini Nakuru. Zeddy alitarajia maombi na chai. Alipata chai. Naliaka alifunga mlango wa sebule, akashusha pazia, akavua blauzi kama mtu anayeonyesha kitambaa kipya kwa mteja.

"Dada, usitazame dari. Tazama hapa. Langu lilitoka mgongoni."

Zeddy akatazama. Lilikuwa titi. Lilikuwa na mshono wa umbo la yai, na ngozi yake ilikuwa nyeusi kidogo kuliko iliyolizunguka, lakini lilikaa pale bila kushikiliwa na kitu, likipanda na kushuka kwa pumzi ya mwenyewe.

"Bonyeza."

"Ai, hapana."

"Wee, mimi nimefungia mteja nje kwa ajili yako. Bonyeza."

Zeddy alibonyeza kwa kidole kimoja. Lilikuwa na joto. Jambo hilo tu lilitosha kumfanya avute kidole kama aliyegusa jiko. Kwa miaka miwili aliishi na mchele, na mchele hauna joto isipokuwa ukiukalia.

"Mimi sisikii kidole chako hata kidogo," Naliaka alisema. "Linajua kuishi lakini halina habari. Sasa ona." Akashika ufagio uliokuwa kona ya sebule akafagia mara moja kwa nguvu. Titi likaruka kidogo, lenyewe. "Ni ule msuli. Bado linadhani liko mgongoni. Nikifagia, linafagia. Mwanzo nilikuwa nacheka peke yangu mpaka mume wangu akaita pasta."

Zeddy alicheka hadi akakaa chini. Kisha, bila kupanga, akalia, na Naliaka akaendelea kufagia taratibu mpaka mgeni wake alipomaliza kulia.

Alichagua tumbo. Alimwambia daktari kwamba mgongo wake una kazi ya kukunja magodoro ya wasichana, ila tumbo limekaa miaka yote bila wajibu maalumu. Walimpima sukari, presha, wakapiga picha ya mishipa ya tumbo kuona kama inatosha. Ilitosha. Asubuhi ya upasuaji alisimamishwa wima huku daktari Wangare akimchora mistari kwa kalamu nene, kifuani na tumboni, akirudi nyuma kutazama, akirekebisha, kama fundi cherehani anayekata gauni la harusi. Timu ilikuwa imekuja na darubini yake. Zeddy aliiona ilipokuwa ikisukumwa koridoni, ikiwa imefunikwa plastiki, ndefu kama twiga aliyeinamisha shingo. Akaipa heshima kwa kichwa.

Alipoamka, kitu cha kwanza alichokijua ni mirija. Cha pili kilikuwa sauti.

Muuguzi aliyeitwa Sitati, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ameweka jeli baridi juu ya titi jipya na kulishikia kifaa kidogo kama kalamu nene, kilichofungwa waya kwenye kispika. Ndani ya kispika mlikuwa na kitu kinachovuma: shwaa, shwaa, shwaa, kama mtu anayepepeta nafaka.

"Nini hiyo?" Zeddy aliuliza kwa koo lililokauka.

"Ni wewe, mama. Hiyo ni damu ikiingia kwa titi."

Alifumba macho akasikiliza. Kitu ambacho jana kilikuwa chini ya kitovu chake, ambacho leo kilikuwa kimekaa mezani peke yake bila mwenyewe, sasa kilikuwa kikipepeta. Sitati alikuja tena na tena, na kila mara alifungulia sauti. Kimeli alipoingia alisimama kando ya kitanda ameinamisha sikio, mikono nyuma, namna anavyosimama mbele ya injini iliyokataa mafundi wote na sasa imewaka. Alivua kofia.

Siku ya pili, baada ya uji wa asubuhi, Sitati aliweka kifaa na sauti haikuwa ile. Ilikuwa imekatika-katika: tok, tok, tok, kama mtu anayegonga mlango uliofungwa kwa ndani. Akaangalia rangi. Titi lilikuwa limejaa na kugeuka rangi, kama zambarau iliyoiva. Akalibonyeza kwa kidole, akaachilia, na rangi ikarudi haraka mno.

"Sikiliza tena," Zeddy alisema.

"Mama, nimesikia." Tayari alikuwa na simu sikioni, na sauti yake ilikuwa imeacha kuwa ya taratibu.

Daktari Wangare alifika akiwa na kikombe cha chai ambacho alisahau kukiacha. "Damu inaingia lakini haitoki," alisema akiwa bado anatembea. "Mshipa wa kurudisha umebanwa mahali. Tunarudi ndani sasa hivi."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa nitakuambia mimi mwenyewe. Lakini sijakosa bado."

Kitanda kikasukumwa. Dari zikapita. Zeddy aligundua jambo ambalo hakulitarajia: hakuwa akifikiria kukimbia wala Shiko, wala waumini wenzake. Alikuwa akiliombea titi lenyewe, kwa jina lake kamili, kama mtoto aliye nje kwenye mvua. Alikuwa amelisikia likipumua kwa muda mfupi tu, na tayari hakutaka liende.

Kimeli ndiye aliyekuwepo alipofungua macho. Uso wake haukusema kitu kwa sababu nyuso za mafundi hazisemi. Zeddy alijaribu kuuliza lakini ulimi ulikuwa mzito. Kimeli akageuka, akamfanyia Sitati ishara ya kuwasha injini, kidole kikizunguka hewani.

Jeli baridi. Kimya kidogo. Kisha: shwaa. Shwaa. Shwaa.

"Mshipa ulijikunja kama mpira wa kumwagilia," daktari alisema kutoka mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tumeunyoosha. Rangi iliporudi, hata yule anayependa kuongea kuhusu mpira alisema amina."

Wiki zilizofuata Zeddy alitembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Alilala amekunja magoti. Alibeba mirija yake ndani ya mfuko ulioshonwa na Naliaka kwa kitambaa cha maua. Polepole mirija ikatolewa, mgongo ukanyooka, kovu la tumbo likaacha kuvuta. Siku ya kwanza alipojitazama vizuri kwenye kioo alikaa pale muda mrefu. Halikuwa lile la kwanza. Lilikuwa jipya, kimya, na lilikuwa na doa dogo alilolijua tangu utotoni, doa lililokuwa chini ya kitovu na sasa lilikuwa karibu na moyo. Alilisalimu.

Alirudi shuleni muhula wa tatu, kwa kazi nyepesi, na alipofika kwenye mlingoti wa bendera akasimama.

Pale ilipomwagika, ngano ilikuwa imeota. Ilikuwa imefika kiunoni, imetoa masuke, na ilikuwa imezungushiwa ua wa vijiti na kamba ya machela. Kibao kilisema: USIKANYAGE. MGONJWA ANAENDELEA VIZURI. Nyuma yake kikosi cha huduma ya kwanza kilikuwa kimesimama mstari mmoja, nyuso zikiwa tayari kwa adhabu.

"Shiko, ni nini hii?"

"Mradi wa kilimo, metroni."

"Nani aliipanda?"

Shiko alifikiri kwa uangalifu. "Ilianguka kutoka mbinguni, metroni. Sisi tulipalilia tu."

Zeddy aliitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Natalie alianza kupumua kwa sauti. Masuke yalikuwa manene. Hakuna aliyewahi kulima ngano kwenye mlingoti wa bendera, na haikuwa imejali.

"Mmeiacha ikabanana sana," alisema hatimaye. "Ng'oeni magugu ya huku. Na jioni baada ya somo la usafi, kidato cha nne wabaki."

Walibaki. Akawaambia yote, tangu uvimbe hadi darubini, akiwafundisha pia jinsi ya kujikagua wenyewe na wasisubiri aibu iwape ruhusa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya bweni lile hakuna aliyecheka pasipotakiwa.

Shiko aliinua mkono. "Kwa hiyo metroni, ukinenepa, nalo linanenepa?"

"Linanenepa. Ni mafuta ya tumbo, halijasahau kazi yake."

"Kwa hiyo umebeba tumbo kifuani."

"Ndiyo, Shiko."

Shiko alikaa chini polepole. Baada ya muda akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Na mimi nilidhani fizikia ndiyo ngumu."

Ngano ilipokuwa ya njano, daktari Wangare alimkagua Zeddy kwenye kliniki, akambonyeza tumbo, akamwambia akohoe, akaandika kwamba yuko huru. "Hata kukimbia?" Zeddy aliuliza. "Hata kukimbia. Anza taratibu."

Jumatatu hiyo mvua ilinyesha tena kwenye gwaride. Wimbo wa taifa ukaanza, na haukukatizwa. Shule nzima iliimba ikimtazama metroni, blauzi yake nyeupe. Natalie, nyuma kabisa, alikuwa ameshika machela, lolote likitokea. Maji yakampiga Zeddy kichwani, mabegani, kifuani. Blauzi ililoa mpaka ikashika mwili, na ikabaki nyeupe. Ubeti wa mwisho uliimbwa kwa sauti ambayo mwalimu mkuu aliielewa kuwa uzalendo.

Mistari ilipovunjika na kila mtu kukimbilia darasani, sweta moja ya bluu ilichepuka kuelekea ua wa mashariki, bila haraka, kwa mazoea ya miaka miwili.

Zeddy aliiona. Alianza taratibu, kama alivyoagizwa. Akapita jikoni, akapita kamba za nguo, na hapo miguu yake ikakumbuka. Mkono wa kulia ukapanda kifuani wenyewe kushika mfuko usizunguke, kama ulivyozoea, ukalikuta titi limekaa mahali pake, likienda naye, halihitaji kushikwa. Mkono ukakaa pale kidogo, ukishangaa. Kisha ukashuka, kwa sababu kulikuwa na kazi.

Shiko alihisi ukosi wa sweta ukikaza akiwa na mguu mmoja ng'ambo. Aligeuka. Metroni alikuwa nyuma yake, akihema, maji yakimtiririka usoni, na uso wenyewe ulikuwa umefanya kitu ambacho Shiko hakuwahi kukiona.

Hakujaribu kujinasua. Alibaki juu ya ua, ameketi kama aliye juu ya farasi, akimtazama mwanamke yule kutoka viatuni hadi kichwani.

"Metroni," alisema kwa sauti ndogo. "Umekimbia."

"Shuka."

Akashuka.

"Utavuna ile ngano yote," Zeddy alisema alipopata pumzi. "Peke yako, kwa mkasi. Na usiruhusu punje hata moja ifike jikoni."

"Sawa, metroni." Walitembea kurudi kwenye mvua, mkono wa metroni ukiwa bado kwenye ukosi. Karibu na mlingoti Shiko akauliza, "Mbegu tunaweza kupanda tena?"

Zeddy alifikiri hadi walipofika kwenye masuke.

"Panda," alisema. "Lakini isogeze mbali kidogo na bendera."